Bomba la Upande wa Barabara

Mheshimiwa alikuwa anapita, na kwa sababu Mheshimiwa alikuwa anapita, mabomba ya bafu ya Baraka Heights yakawa na makosa.

Hayakuwa na makosa siku zote. Tangu jumba hilo la ghorofa tatu lijengwe kando ya barabara ya kwenda Ziwa, mbele kidogo ya Chepkoilel, kila bafu lilikuwa na hita yake ya gesi ukutani, na kila hita ilikuwa na bomba lililotoboa ukuta likachungulia barabarani kama pua ya mtu mwenye mafua. Moshi wa gesi ulitoka hapo ukaenda zake, na upepo wa Eldoret haujawahi kukataa mzigo. Lakini kamati ya kupamba mtaa ilikaa, ikanywa chai na mandazi, ikaamua kwamba bomba la bafu si kitu cha kuonyeshwa mtu mkubwa. Mtu mkubwa akiona bomba la bafu huenda akakumbuka kwamba wapiga kura nao huoga, na jambo kama hilo linaweza kumharibia safari.

Mwenye jumba, Bwana Githinji, ndiye alikuwa mweka hazina wa kamati. Hakutaka kuambiwa mara mbili. Alinunua rangi ya waridi ya kupaka ukuta wa mbele, akanunua nyasi za kupanda na mawe ya kupakwa chokaa, kisha akamtuma keateka wake, mtunza jumba Ronnie, ayavute mabomba yote ndani.

Kituyi, mpangaji wa ghorofa ya pili, alimkuta Ronnie bafuni mwake amepanda juu ya ndoo, analipinda bomba kwa kiwiko cha bati.

“Sasa moshi utatokea wapi?” Kituyi aliuliza.

“Utatokea ndani, Mzee.”

“Ndani ya nini?”

“Ndani ya nje.” Ronnie alionyesha kwa nyundo. “Hapo katikati. Kwani hapo ni kwa nyumba ya nani?”

Hapo katikati palikuwa na uwazi mwembamba uliopanda kutoka chini hadi juu ya jumba, kama kisima kilichosimama juu ya ardhi. Matundu ya hewa ya mabafu yote yalitazamana humo. Zamani kisima hicho kilikuwa wazi juu, lakini Githinji alikiezeka plastiki ili mvua isilowanishe nguo zilizoanikwa. Sasa kila bomba likaelekezwa humo, shingo chini ya tundu la hewa, kama jirani aliyehamia chini ya dirisha lako na bado hajajua kwamba anakoroma.

“Hapo si nje,” Kituyi alisema.

“Si ndani pia. Mzee, usinipe stress. Mimi nimeambiwa mbele kuwe safi, na mbele kuko safi.”

Kituyi hakubishana zaidi. Alikuwa mshona magunia kwenye ghala la mahindi, aliacha shule kabla haijamzoea, na maisha yalimfundisha kwamba mtu aliyeshika nyundo kwa amri ya tajiri hasikii. Tena siku hiyo alikuwa na furaha, na furaha humfanya mtu awe mjinga kidogo. Binti yake alikuwa amejifungua.

*

Nekoye alikuja kutoka hospitali na mtoto wa kiume aliyekunja ngumi kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Mumewe, Jackson, alikuwa na lori njiani kuelekea Juba, akipiga simu pale mtandao ulipomhurumia. Kwa hiyo msichana akaja kwa baba yake. Mama hakuwepo wa kumpokea. Mama alikuwa amefia kwenye benchi la kungojea daktari, kadi mkononi, nambari yake bado haijaitwa. Kituyi hakupenda kulizungumza jambo hilo, ila tangu hapo kila alipomwona mtu mwenye beji kifuani, shavu lake lilianza kucheza lenyewe.

Mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto, na baba hawezi kumkanda binti yake. Hata mlango wa bafu anamooga binti, baba haukaribii. Ndipo akaitwa Mideva, dada mdogo wa marehemu, kutoka Ziwa anakofuga ng'ombe wa maziwa. Alishuka na kuku, unga wa wimbi, na mdomo ambao haujawahi kuzimwa tangu uwashwe.

“Shemeji, umekonda,” alisema hata kabla ya kutua mzigo. “Unakula hayo magunia ama unayashona?”

“Karibu, Mideva.”

“Nimeshakaribia. Maji ya moto iko wapi? Nimesikia mnalipa kodi ya mbinguni kwa sababu ya maji ya moto.”

Hilo lilikuwa kweli. Githinji alipandisha kodi akisema maji ni ya moto saa zote, na wapangaji wakalipa, kwa maana baridi ya Julai ya Eldoret haina huruma na mtu wa kodi ya chini. Mideva alifungua mfereji, hita ikaguruma, maji yakatoka yakifuka mvuke. Akatia mkono, akaguna kwa heshima. Halafu akainua uso na kuliona lile tundu la hewa, mraba wa kadiri ya tofali, linapuliza baridi.

“Na hii ni nini?”

“Ya hewa.”

“Hewa ya kumuua mtoto wangu? Mzazi ni kidonda kimoja kizima, shemeji, kuanzia kichwani mpaka kwa vidole. Kidonda hakipigwi na upepo. Ziba.”

Kituyi alifurahi. Kwa siku zote hizo alikuwa anazungukazunguka nyumbani kwake kama jogoo kwenye soko la mbuzi, bila kazi anayoijua. Hii aliijua. Alilipima tundu kwa kiganja, akakata gunia, akalijaza sweta kuukuu, akalishona pande zote kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, kwa mshono wa kubana usiopitisha hata punje ya mtama. Alipolisukuma ndani ya tundu likakaa kama meno kwenye ufizi.

Mideva alilibonyeza kwa kidole. “Shemeji, wewe ungekuwa daktari.”

“Na shule gani?”

“Wale wenye shule wametusaidia na nini?”

Wakacheka wote wawili, na Nekoye akacheka chumbani, akishika tumbo.

*

Maumivu ya kichwa yalianza taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Nekoye alitoka kukandwa uso umemwiva, akalala kitandani akasema dari inazunguka. Mideva akasema ni damu, mtoto amechukua damu yote. Kituyi akaleta maini. Akila maini alishinda vizuri, akikandwa tena kichwa kilirudi. Mideva akasema basi maini ni kidogo.

Yeye mwenyewe alianza kushika ukuta akitoka bafuni, lakini yake aliiita presha, na presha kwake ilikuwa jambo la heshima, la watu wazima wenye mifugo.

Wamucii, jirani wa mlango wa pili aliyekuwa na duka la chini, alikuja kumtazama mtoto, naye kichwa kilikuwa kinamuuma. “Mimi nilienda hata nikanunua miwani,” alisema. “Jamaa ya miwani akaniambia ni macho. Nikavaa miwani. Sasa kichwa kinauma na miwani juu.”

“Labda ni hii rangi wanapaka,” Nekoye alisema.

“Labda ni hii serikali,” alisema Mideva.

Jambo moja Kituyi aliliona, ingawa hakujua maana yake. Moto wa hita, alioujua ukiwa wa buluu, ulikuwa sasa wa manjano, unayumbayumba kama mlevi. Alimwambia Ronnie. Ronnie akasema huenda ni gesi mpya. Kituyi akaamua kumwendea mwenye jumba, aliyekuwa nje mbele akimwelekeza fundi wa rangi.

“Mwenye Nyumba, shikamoo ya kazi. Moto wa hita yangu umekuwa manjano.”

Githinji hakugeuka. “Maji yanatoka moto?”

“Yanatoka.”

“Sasa, Mzee Kituyi, unalipia maji ya moto ama unalipia rangi ya moto?”

Fundi wa rangi akacheka juu ya ngazi. Kituyi alitaka kusema habari ya vichwa, lakini aliona jinsi itakavyosikika, mzee amesimama chini ya ukuta wa waridi akisema nyumba yake ina vichwa vinavyouma.

“Sisi tuna kazi kubwa hapa,” Githinji aliendelea, sasa kwa upole, upole ule wa mtu anayempa mbwa mfupa asibweke mbele ya wageni. “Mheshimiwa akipita, hii barabara itawekwa lami mpya. Wewe shona magunia. Mimi nimewahi kuja kukuambia gunia lako limekaa upande?”

“Hapana.”

“Basi.”

Kituyi akarudi juu. Shavu lilikuwa linacheza ingawa Githinji hakuwa amevaa beji.

*

Alasiri moja Mideva alimwingiza Nekoye bafuni, akafunga mlango, akaweka na kitambaa chini ya mlango, kwa sababu upepo ni mjanja. Kituyi aliketi sebuleni na mjukuu mapajani. Kutoka bafuni alisikia maji, na juu ya maji sauti ya Mideva: habari ya ng'ombe wake aliyekataa dume, habari ya mchungaji aliyekataa mahindi ya sadaka akitaka pesa taslimu, habari ya Kituyi mwenyewe siku alipokuja kuposa akiwa amevaa viatu vya mtu. Nekoye alikuwa akilia na kucheka kwa zamu, kama inavyopaswa. Maji ya kukandia lazima yakuchome kidogo, la sivyo umeoga tu.

Kisha akasikia maji peke yake.

Mwanzoni alidhani Mideva anameza mate. Akangoja. Mideva hajawahi kumeza mate kwa muda mrefu hivyo.

“Mideva.”

Maji.

“Mideva, ng'ombe alifanya nini?”

Maji, na mguno wa hita.

Alisimama na mtoto kifuani, akafika mlangoni, mkono ukagoma kushika kitasa. Ndani alikuwa binti yake, uchi. Kwao Bungoma, baba anayeona uchi wa binti yake anakuwa ameivunja nyumba yake kwa mikono miwili. Kuna vitu mtu anaviogopa kuliko polisi. Alibisha. Akaita jina la Nekoye. Akatoka mbio hadi kwa Wamucii, akakuta kufuli. Wamucii alikuwa dukani chini. Akamwita kwa sauti kwenye ngazi, akarudi, akamlaza mtoto kitandani, akavuta blanketi.

Akafungua mlango akaingia kinyumenyume.

Aliingia hivyo, mgongo mbele, blanketi limetandazwa nyuma yake kama mtu anayekamata kuku gizani, macho kayakaza kwenye mlango aliotoka. Mvuke ulimpiga shingoni. Kisigino kikagusa mguu wa mtu. Akaliachia blanketi liangukie huko nyuma, akapapasa ukutani mpaka akaufikia mfereji wa maji, akaufunga, na hita ikanyamaza. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa tayari kimeanza kudunda. Ndipo akageuka. Binti yake alikuwa amelala chini ya blanketi, na Mideva ameketi kwenye sakafu iliyolowa, mgongo ukutani, mdomo wazi, bila neno hata moja ndani yake.

Wamucii alipofika, miwani imemteleza puani, alimkuta Kituyi anaburuta mtu sebuleni huku anatazama dari. Walifungua madirisha yote. Wakawatoa hadi kwenye kibaraza cha mbele, Nekoye amevingirishwa kama gunia lililoshonwa vibaya, na hewa baridi ya Julai, ile ile iliyozibiwa njia kwa bidii kubwa, ikawapiga usoni. Nekoye akakohoa. Mideva akatapika juu ya rangi ya waridi.

“Kuku,” alisema Mideva, na hakuna aliyeelewa, lakini Kituyi alishukuru Mungu kwa neno hilo kuliko kwa mahubiri yoyote.

*

Hospitalini walifungwa vinyago vya oksijeni. Tabibu alikuwa msichana anayeitwa Linah, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpima mtoto pia, akasema yuko sawa, kwa vile alikuwa sebuleni. Kisha akamgeukia Kituyi.

“Mlikuwa mnachoma makaa ndani?”

“Hapana. Hita ya gesi.”

“Ni kitu kile kile. Moto ukikosa hewa unatoa sumu. Haina harufu, haina rangi. Inaingia kwa damu, inakalia kiti cha hewa nzuri, na ikishakaa haitoki.”

“Hiyo naijua,” alisema Kituyi. “Huwa tunaipigia kura.”

Linah alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. “Bafu ina tundu la hewa?”

“Ilikuwa nalo.”

“Nani alilifunga?”

Kituyi alitazama viatu vyake. Mideva, kutoka nyuma ya kinyago, akainua mkono apate kugawana hilo kosa, lakini Kituyi alishajibu. “Mimi. Nililishona.”

“Lifungue leo. Lakini usidhani umemaliza. Bomba la moshi linatoa wapi?”

Akaeleza habari ya kisima cha katikati, na paa la plastiki.

“Na hilo tundu linavuta hewa kutoka wapi?”

“Huko huko.”

Linah akaiweka kalamu chini. “Mzee, hiyo hita ilikuwa inavuta pumzi yake yenyewe, na ya majirani. Bomba litoke nje kabisa, mahali wazi, juu, mbali na madirisha na mbali na tundu lolote la hewa. Na hewa ya kuingia itoke upande mwingine. Mpaka hapo, hakuna mtu kuwasha.”

“Na mzazi atakandwa na nini?”

“Chemsheni maji. Nje.”

*

Githinji aliita mkutano kwenye maegesho. Alikuja na afisa wa mambo ya nyumba, mtu mwenye beji na koti la mvua siku isiyo na mvua. Afisa alizunguka jumba, akasimama mbele, akaunyoosha mkono kuigusa rangi.

“Hii ni rangi ya kampuni gani?” aliuliza. “Imeshika vizuri.”

Hapo uchunguzi ukaisha.

Githinji alipanda kwenye ngazi ya kwanza, akaingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki, akatoa kile kizibo cha gunia alichokishona Kituyi na kukichomoa alipotoka hospitali, akakiinua juu. “Wapangaji wangu, tazameni. Tundu la hewa, mimi niliweka. Nani aliliziba? Mtu wa nyumba hii. Kwa mkono wake. Tena ameshona vizuri.”

Watu walimtazama Kituyi. Wengine walitikisa vichwa kwa huzuni ile tamu ya mtu ambaye kosa si lake. Kituyi alikuwa ameshona maelfu ya magunia yaliyokwenda nchi asizozijua, na hili moja ndilo lililosifiwa mbele ya watu.

“Ni kweli, nililiziba,” alisema.

“Mmesikia.”

“Mimi sikuziba yangu,” alisema Wamucii.

Githinji akashusha kizibo kidogo. “Mama Duka, hatujafika kwako.”

“Tundu yangu iko wazi. Njoo uangalie. Na kichwa kimeniuma tangu hayo mabomba yalete mdomo kwa ukuta wa ndani. Nikanunua miwani. Nani atanirudishia pesa ya miwani?”

“Mimi mtoto wangu alitapika,” akasema sauti nyuma.

“Mimi nilidhani ni mimba,” akasema mwingine, na mumewe akamgeukia haraka.

Afisa alisafisha koo. Alisema mambo ya mfumo wa uingizaji hewa ni ya kitaalamu, na wananchi wasiingize siasa. Ndipo Mideva, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, leso kichwani, akainuka polepole.

“Mimi sina masomo ya huyu bwana,” alisema. “Nina ng'ombe. Ng'ombe, Mungu alimpa mdomo mbele na mkia nyuma, akaviweka mbali, na hakuita kamati. Hii nyumba yenu inakula pale pale inapokunya. Mnashangaa nini ikiugua?”

Maegesho yakapasuka kwa kicheko. Hata Ronnie aligeuza uso ukutani. Githinji peke yake hakucheka, na mtu asiyecheka wakati wapangaji wake wanacheka lazima atoe amri.

“Sawa. Kwa usalama wenu, mitungi yote ya gesi naichukua leo. Hakuna hita. Mabomba hayatobolewi mbele mpaka Mheshimiwa apite, na baada ya hapo tutaangalia.”

Tutaangalia. Katika nchi hii kuna watu wamezeeka ndani ya neno hilo.

“Na kodi?” aliuliza Wamucii. “Ilipanda na maji ya moto. Itashuka na maji baridi?”

“Kodi ni ya nyumba.” Akakunja kizibo kwapani. “Na wewe, Mzee Kituyi, mwezi ukiisha utafute pengine. Siwezi kukaa na mtu anayeharibu ujenzi.”

Jioni hiyo Ronnie alileta jiko la makaa mlangoni, bila kumtazama mtu machoni. “Boss amesema mchemshie ndani. Kibaraza kisichafuke.”

*

Moto haukuingia ndani. Kituyi alilibeba jiko kwa vishikio vyake na kutafuta mahali penye hewa. Kibaraza kilipuliza moshi kwenye madirisha. Nyuma palikuwa na tangi na geti lenye kufuli la Githinji. Palikuwa na pahali pamoja tu pa wazi, mbele, kando ya barabara, juu ya nyasi mpya katikati ya mawe ya chokaa. Akalitua hapo. Mideva akachagua jiwe jeupe kuliko mengine, akalikalia.

Nekoye alikandwa kwa maji ya sufuria, dirisha wazi, amefunikwa mablanketi huku na huku. Mideva alisema baridi ikija atapigana nayo uso kwa uso. Kila siku jiko lilirudi kwenye nyasi. Wamucii akaleta lake kando. Mama wa mtoto aliyetapika akaleta lake. Nyasi zikapata mabaka meusi, na ukuta wa waridi ukaanza kuota ndevu za masizi, nyembamba, kama za kijana wa sekondari.

Ronnie alitumwa kuwafukuza. Akarudi kwa bosi wake na kikombe cha chai mkononi.

Siku ya Mheshimiwa, Githinji alikuja mwenyewe, amevaa suti na utepe wa kamati kifuani. King'ora kilikuwa tayari kinasikika kwa mbali upande wa mjini.

“Mama,” alimwambia Mideva, “hata nusu saa tu. Toeni hizi vitu.”

“Maji hayajachemka.”

“Mzee Kituyi. Sisi ni watu wazima.”

“Mtu mzima ni yule anayeweza kuoga bila kufa,” Kituyi alisema. “Rudisha bomba. Litoke huku mbele, kama zamani.”

“Nitarudisha.”

“Lini?”

King'ora kilisogea. Githinji alitazama barabara, akatazama majiko. “Kesho. Kesho asubuhi, naapa kwa Mungu. Na mambo ya kuhama nimeyasamehe. Zimeni.”

“Weka bomba, tutazima.”

Hapakuwa na muda wa kumwita Ronnie. Pikipiki za kwanza za polisi zilikata kona. Githinji alifanya kitu ambacho wapangaji wa Baraka Heights wanakisimulia hadi leo wakitaka kumchekesha mgonjwa. Alisimama mbele ya majiko, akalifungua koti lake, akalishika pande zote mbili na kulitandaza kama kuku anayeficha vifaranga. Akatabasamu kwa barabara. Moshi ukapanda nyuma yake, ukaingia chini ya koti, ukatokea kwenye kola na kwenye mikono, hata ukamzunguka masikio. Magari meusi yakapita, vioo vimepandishwa, moja baada ya jingine. Kama Mheshimiwa aligeuza kichwa, aliona mtu wa makamo aliyevaa utepe wa kamati, anatabasamu na kuungua.

Vumbi likatulia. Githinji akashusha koti, akakohoa, akapangusa machozi. Alipomaliza kupangusa, uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa mwenye nyumba.

“Sasa,” alisema, “hii nyasi mtalipa. Na mwezi ukiisha, Mzee, uende.”

“Na bomba?” Wamucii aliuliza.

“Bomba gani?”

Wapangaji walinung'unika. Mideva alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Kituyi alimzuia kwa kumgusa goti. Alikuwa anatazama barabara ilivyonyooka kuelekea kaskazini, kati ya mashamba ya mahindi, na vumbi la msafara likipungua huko mbali.

“Mheshimiwa ameenda wapi?” aliuliza.

“Si unajua. Anafungua soko huko Ziwa.”

“Na atarudi mjini na barabara gani?”

Githinji aligeuka naye akaitazama barabara, kama mtu anayetumaini itakuwa imezaa nyingine. Mideva aliinama, akachagua makaa makubwa kwenye gunia, akayapanga jikoni moja moja, kisha akaupulizia ukuta wa waridi moshi mzito, mweupe, wa makaa mabichi.

“Ronnie,” Githinji aliita, sauti ikimtoka kama jino. “Leta ngazi. Na patasi.”

Ronnie alileta, na safari hii alikimbia.

“Anzia nyumba gani, Boss?”

Wamucii akawahi kumjibu. “Anza na ya mtoto. Halafu yangu.”

Ronnie alipanda. Nyundo ya kwanza ilidondosha kipande cha plasta cha waridi, kikatua begani kwa suti, na Githinji hakukipangusa. Kituyi alikuwa amesogea hadi chini ya ngazi, ameinua uso, mkono kaukinga juu ya macho.

“Hapo ni karibu sana,” alisema. “Panda juu zaidi. Mbali na dirisha la mtoto.”